Mabakuli Yalitangulia, Majani Yakachelewa

Mambrui, kaskazini ya Malindi ukishavuka mto Sabaki, kuna kaburi la nguzo ambalo waliolijenga walilipamba kwa mabakuli ya Kichina, wakayapachika ndani ya chokaa yakatazama nje. Gedi, upande wa kusini, kuna nyumba zinazoitwa kwa vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina. James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948, akakuta vigae vya kijani kutoka Longquan na vya buluu na nyeupe kutoka Jingdezhen. Na mwaka 2010 wachimbuzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Peking walipata Mambrui sarafu ya shaba yenye jina la Yongle, mfalme wa nasaba ya Ming aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424.

Wageni huoneshwa vitu hivi wakastaajabia umri wake. Mimi ni mtoto wa muuza kahawa. Babangu alizunguka Malindi jioni na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe mkononi ili watu wajue anapita, na nyumbani kwetu hakikutajwa chombo bila kutajwa kinachonywewa ndani yake. Kwa hivyo nikisimama mbele ya kabati za makumbusho huwa na swali moja tu: mabakuli haya yalitiwa nini? Yalitiwa wali na mchuzi. Mengine yalikaa kwenye zidaka yakapamba ukuta wa ndani, na mengine yakaishia makaburini. Chai haikuwa chakula cha meza hizo. Pwani yetu ilishika vyombo vya Wachina karne nyingi kabla ya kuonja majani yao, na chai ilipotufikia haikutoka Uchina, wala haikuwa majani mazima. Ilikuwa chenga, iliyopita India na mikononi mwa Waingereza.

Kwa nini bakuli lije na chai ibaki? Nimelifikiria sana jambo hili. Vyombo vingi havikuletwa na Wachina wenyewe. Vilipitia kwa wafanyabiashara wa Gujarat, Hormuz na Aden, vikahamishwa chombo hadi chombo, ndipo vikateremshwa huku na pepo za kaskazi. Watu hao wa katikati walijua bei ya kauri na hariri. Desturi ya kutia majani maji ya moto na kuyanywa hawakuwa nayo, na mtu hachukui safari ya miezi na bidhaa ambayo yeye mwenyewe haijui. Kule Uchina nako serikali iliishikilia chai kwa biashara nyingine, ile ya nchi kavu, ambako ilibadilishwa na farasi wa Tibet kwa ajili ya jeshi. Fei Xin, aliyesafiri na merikebu za Zheng He, amiri wa mfalme Yongle, akaacha maandishi, anataja bidhaa zilizotumika kufanyia biashara Barawa: dhahabu, fedha, hariri, mchele, vyombo vya kauri. Chai haimo.

Safari za Zheng He zilikuwa saba, kati ya 1405 na 1433. Habari ya twiga inajulikana na kila mtoto wa shule Malindi: mwaka 1415 wajumbe kutoka mahali ambapo maandishi ya Ming yanapaita Malin walimfikisha twiga kwa mfalme Yongle, na Wachina wakamwita qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Kuanzia 1417 merikebu zikawarudisha wajumbe makwao. Lakini kuna mwaka mwingine ambao sisi hatuutaji, nao kwangu una uzito kuliko ule wa twiga. Mwaka 1391 mfalme Hongwu, babake Yongle, aliamuru chai ya ushuru inayopelekwa kwake isiwe tena ile ya kushindiliwa ikawa mkate mgumu. Alitaka majani yenyewe, yaliyochumwa na kukaushwa. Kabla ya hapo chai ya wakubwa ilisagwa ikawa unga, ikapigwapigwa ndani ya bakuli mpaka itoe povu. Majani matupu yalikuwako kwa watu wa kawaida, ila amri hiyo iliyapandisha hadhi, na baada yake bakuli kubwa likaanza kukiachia nafasi kikombe kidogo cheupe na birika. Kwa hivyo mabaharia waliofika pwani hii katika siku za Yongle walitoka katika nchi iliyokuwa inabadilisha namna ya kunywa chai wakati uleule. Chombo cha zamani kikabaki kwetu, na desturi mpya ikabaki kwao.

Baada ya hapo merikebu kubwa za Uchina zikakoma. Wareno walitia nanga Malindi mwaka 1498, wakaufanya mji kuwa kituo chao hadi walipohamia Mombasa mwaka 1593. Katika karne hiyohiyo padri wao Gaspar da Cruz aliandika habari za chai aliyoiona Uchina, lakini hapa kwetu Wareno wanakumbukwa kwa mnara wa msalaba na kanisa dogo, si kwa kinywaji chochote. Malindi ikafifia, ikafufuliwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860 kwa mashamba ya nafaka na jasho la watumwa. Kinywaji cha baraza kilikuwa kahawa, mkono wa Washihiri kutoka Hadhramaut, na ndiyo kazi aliyoirithi babangu. Chai iliingia kupitia maduka ya Wahindi, pamoja na sukari, na kabla watu hawajajua vizuri ikawa ndiyo asubuhi yenyewe: mahamri, mbaazi za nazi, na chai.

Miche ya kwanza ya chai nchini ilipandwa Limuru mwaka 1903, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yakafungua mashamba Kericho. Miche ilikuwa ya jamii ya Assam, yenye jani pana. Baadaye ikaja mashine inayolisaga, kulirarua na kulikunja jani kwa pamoja, nayo ndiyo iliyotengeneza ulimi wa Mkenya. Chenga hizo hutoa rangi nyekundu kwa dakika chache, hustahimili maziwa, hustahimili tangawizi na iliki, hazikasiriki zikichemshwa mpaka zifurike. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine za jirani hupita hapo. Katika vyumba vya madalali wa Mombasa kuna watu ambao kazi yao ni kuonja. Vikombe hupangwa safu ndefu, mwonjaji hupita na kijiko, huvuta chai kwa mdomo kwa kishindo ili ienee ulimi mzima pamoja na hewa, huitema, hutaja neno, husogea. Ni elimu kubwa, na iko umbali wa safari ya asubuhi kutoka kwetu. Inasikitisha kwamba wengi wa wanaokunywa chai mara tatu kwa siku hapa Malindi na Kilifi hawajui kwamba ipo.

Mimi nilianza kuonja kwa kupangilia pale mpwa wangu aliporudi kutoka masomoni Hangzhou na mkoba uliojaa chai. Alisema, “Mjomba, hizi usichemshe na maziwa kwanza. Zionje moja moja.” Basi alasiri moja moja, baada ya sala ya laasiri, tukawa tunakaa barazani kwangu: mimi, shangazi yangu mkubwa, jirani yangu aliyekuwa nahodha wa jahazi, na maalim wa madrasa ya mtaa. Vyombo vilikuwa vikombe vya kahawa vya babangu, visivyo na mkono, vinavyobeba mafunda machache. Vinatosha kabisa. Wachina hunywea vikombe vya kadiri hiyo hiyo.

Kilichonishughulisha kwanza ni maji. Lu Yu, aliyeandika kitabu kikuu cha chai katika karne ya 8, aliyapanga maji hivi: ya mlimani ndiyo bora, ya mto yanafuata, ya kisima ni ya mwisho. Sisi tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe. Visima vya Gedi vimechongwa ndani ya mwamba huo, na visima vya mitaa yetu vivyo hivyo, maji yake yamejaa chokaa. Nilitia majani mamoja kwa maji ya aina tatu: ya kisima cha uani, ya mfereji yanayotoka Baricho kando ya Sabaki, na ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa. Kwa maji ya kisima chai ilikuwa nzito rangi, juu ikafanya utando, na harufu ikapotea kabisa. Ya mfereji yalikuwa ya kuridhisha. Ya mvua yaliitoa chai wazi, na hata shangazi, ambaye macho yake sasa ni hafifu, aliijua kwa pua kabla hajaishika. Tangu siku hiyo maji ya mvua hayafulii nguo kwangu.

Chai ya kijani ya Longjing inatoka kando ya Hangzhou, katika jimbo la Zhejiang. Jani lake ni bapa kwa sababu hukaushwa kwa mkono ndani ya karai la moto, likikandamizwa huku likigeuzwa. Moto huo huliwahi jani kabla halijabadilika kuwa jekundu, ndiyo maana linabaki kijani. Maji yake yasiwe yanachemka. Ukiyaacha yapoe kidogo hutoka kinywaji cha rangi ya majani mabichi, na harufu niijuayo tangu utotoni, ya korosho zinapokaangwa. Ukiyachemsha kama chai ya rangi yanakuwa machungu na yanakwaruza koo. Longquan, kulikotoka vile vigae vya kijani vya Gedi, ni jimbo hilohilo la Zhejiang. Nilipolijua hili nilirudi Gedi kuutazama tena mji. Watu waliokaa humo mpaka karne ya 17 walikuwa na udongo wa Zhejiang mezani kwao, umetiwa rangi na kuchomwa na mafundi wa huko, na mmea wa milima ya jimbo hilo hawakuwahi kuuona.

Jingdezhen nayo ina habari yake. Mji huo wa kauri ulikuwa ndani ya wilaya ya Fuliang, na Fuliang ilisifika kwa chai hata kabla ya kusifika kwa vyombo. Mshairi Bai Juyi, mwaka 816, katika utenzi wake juu ya mwanamke mpiga kinanda, anamtaja mume mfanyabiashara aliyemwacha mkewe akaenda Fuliang kununua chai. Kaskazini-mashariki ya hapo, jimbo la Anhui, ndiko Qimen, kunakotoka chai nyeusi iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya soko la nje. Hii ya Qimen ni nyembamba kama nyuzi, ina utamu wa mbali, na haina nguvu tuliyoizoea. Maalim aliinyamazia kwa muda mrefu, akaniomba kikombe cha pili, akasema hii ni chai ya mtu aliyekwisha kula. Nimeona ni hukumu sahihi.

Hapo ndipo mabishano ya sukari yalipozuka. Nahodha alisema chai bila sukari ni dawa. Nikamkumbusha kwamba anakunywa kahawa chungu kila usiku na hajawahi kuomba sukari. Akajibu kwamba kahawa ina kashata kando, ina tende, ina halwa siku za harusi. Na kweli jibu lilikuwa hilo! Pwani hii inaujua uchungu na inaupenda, ila inaupenda uchungu ukiwa kikombeni na utamu ukiwa mkononi. Tulipoweka sahani ya tende kati yetu, Longjing ikanyweka, Qimen ikanyweka, na hakuna aliyetaja sukari tena. Chai kwetu iliingia pamoja na sukari kutoka duka moja, siku moja, ndiyo maana hatujui kuzitenganisha. Kahawa ilikuja mapema, na adabu yake ni nyingine. Kwa rai yangu, anayetaka kuwafundisha watu wa Malindi chai ya majani asianze na wanywaji chai. Aanze na wanywaji kahawa.

Kutoka Yunnan, kusini-magharibi kabisa ya Uchina, mpwa wangu alileta chai mbili. Ya kwanza ni pu'er, iliyoshindiliwa ikawa mkate wa duara, ile sura ambayo Hongwu hakuitaka tena mezani kwake na ambayo huko Yunnan haikukoma. Unaivunja kwa kisu. Ikishazeeka hutoa rangi inayokaribia kahawa, na harufu ya udongo na mbao. Nahodha aliivuta puani akasema, “Hili ni ngama la jahazi lililokaa mwaka mzima bila shehena.” Alikunywa vikombe vinne. Ya pili ni chai nyekundu ya Yunnan, ambayo kiwanda chake kilianzishwa Fengqing mwishoni mwa miaka ya 1930. Ina ncha za rangi ya dhahabu, mwili mzito, rangi nyekundu. Hii wote waliitambua mara moja. Shangazi alisema, “Hii si ya Wachina, hii ni ya kwetu.”

Hakukosea sana. Mti wa Yunnan ni wa jani pana, jamii ileile ya Assam iliyopandwa Kericho. Ndiyo sababu chai ya rangi ya kijiweni na chai ya Fengqing zina udugu unaoonekana kikombeni, hali Longjing inakaa mbali na sisi. Na Zheng He mwenyewe alizaliwa Yunnan mwaka 1371, katika nyumba ya Waislamu, babake na babu yake wakiitwa Mahaji. Maalim hakuijua habari hii. Nilipomweleza aliweka kikombe chini akaniuliza maswali mengi, kama huyo amiri alihiji, kama alizikwa kwa sanda, na mengine ambayo yanahitaji mtu aliyesoma kuliko mimi. Lakini naona ni jambo kubwa kwamba mkuu wa merikebu zile alitoka katika nchi ya miti ya chai ambayo jamaa zake, baada ya karne 5 na kwa njia ya Waingereza, ndizo zinazojaza vikombe vyetu.

Jimbo la Fujian ndilo la mwisho kulieleza, nalo ndilo lililowagusa wanawake wa nyumba. Huko kunatoka Tieguanyin ya Anxi, ambayo jani lake huachwa libadilike nusu njia kati ya kijani na nyekundu, kisha hukunjwa likawa vidonge. Kila ukiongeza maji vinafunguka zaidi na ladha inageuka. Kuna chai ya milima ya Wuyi inayokaushwa kwa moshi wa msonobari, na hii hakuna aliyeitaka mara ya pili isipokuwa mimi. Halafu kuna chai ya Fuzhou, iliyotiwa asumini.

Kifuniko cha kopo kilipofunguliwa shangazi aliinua mkono tunyamaze. Asumini ndiyo harufu ya ujana wake: vikuba, nywele za bibi harusi, kitanda kilichonyunyiziwa maua. Ua lenyewe ni lilelile, aina moja na hilo linalopanda kwenye ua wa nyumba yake. Wachina huvichuma vitumba mchana vikiwa vimefumba, kwa sababu asumini hufunguka usiku na harufu hutoka hapo tu. Usiku huvichanganya na majani makavu ya chai, ambayo hufyonza kila harufu iliyo karibu nayo. Asubuhi huyatoa maua yaliyochoka, hukausha chai upya, kisha huleta maua mapya usiku unaofuata, na kuendelea. Shangazi alisikiliza maelezo haya mpaka mwisho, akauliza kwa nini tunaagiza mbali kitu ambacho ua liko ukutani na chai iko Nandi.

Basi tumejaribu. Tumeagiza chai ya kijani ya Nandi Hills yenye majani mazima, ambayo siku hizi viwanda kadhaa vya huku hutengeneza kando ya chenga. Vitumba tunavichuma kabla ya magharibi, tunavitandaza tabaka kwa tabaka na chai ndani ya sufuria safi ya udongo, tunafunika kwa kitambaa. Usiku wa kwanza sufuria ilinukia sana na kikombe hakikunukia chochote. Maua yana maji mengi, nayo majani huyanywa, na hewa ya Malindi haikaushi kitu, hasa masika. Ikabidi kila asubuhi chai itandazwe kwenye ungo juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, kwa saa nzima, mtu akiwa kando yake. Kwa kurudia usiku baada ya usiku harufu imeingia kikombeni. Si nyororo kama ile ya Fuzhou, ina ukali wa chai ya Nandi chini yake, na kwa tende inakwenda vizuri sana. Nahodha ameiomba kwa harusi ya mjukuu wake. Kwa kiasi hicho vitumba vya nyumba moja havitoshi, kwa hivyo shangazi ameshaanza kuzungumza na wenye maua wa mtaa wa pili, na mimi natafuta pipa kubwa zaidi la kukingia mvua.